Taa ya plaketi: nani ana ruhusa ya kuizima?

Maneno ya kamati ya usafiri mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika namna yalivyosemwa, pamoja na maulizo yaliyotoka kwa watu.

Ndugu wanachama, wazee wetu, ba mama na ba papa, vijana mashofa, na ninyi wafadhili munaosoma gazeti letu mukiwa mbali,

Jambo tunaloleta leo linaonekana dogo. Ni taa moja ya manjano kwenye tablo ya gari, kubwa kama kifungo cha shati. Lakini kwa ajili ya taa hiyo Sprinter yetu ilisimama siku 4, wagonjwa wawili wakapelekwa hospitali kwa pikipiki, mama zetu wa ndagala wakakosa soko la Uvira, na maneno yakawa mengi kila kartie. Wengine walisema kamati inapenda kusimamisha gari. Wengine waliuliza kwa nini tunakula pesa ya chama kwa kitu ambacho fundi mmoja alikubali kukimaliza kwa dakika 10. Ni vizuri tujibu hapa, mbele ya watu wote, kuliko kujibu kila mtu peke yake njiani.

Kwanza namna ilivyotokea. Shofa alikuwa anarudi kutoka Uvira, gari imejaa, amekwisha kupita Makobola. Kila akikanyaga freni, taa inawaka. Akiachilia, inazimika. Alifikiri ni waya unaotikisika kwa sababu ya mashimo, na kwa barabara ile nani anaweza kumlaumu? Siku ya tatu taa ikawaka na haikuzimika tena. Mama mmoja aliyekaa mbele akamuuliza: "Papa shofa, ile taa iko naonyesha nini?" Akajibu: "Haiko kitu, mama, ni ya plaketi tu."

Alipofika mjini akapita kwa fundi mmoja, jina tunaliacha. Fundi hakufungua hata gurudumu moja. Akasema: "Nikate ile waya, taa itazimika, wewe uendelee kutafuta." Na tuseme ukweli, fundi hakudanganya. Kwa aina ya gari yetu, ukiukata ule waya taa inazimika palepale, na haitawaka tena hata plaketi zikiisha zote. Shofa alipiga simu kwa kamati kabla ya kukubali. Kwa hilo tunamshukuru mbele yenu.

Sasa plaketi yenyewe. Tumeleta mbili, moja mpya na moja iliyotoka kwenye Sprinter. Zipitisheni mkono kwa mkono, hata ba mama nyuma kule wazishike.

Munaona ni chuma bapa, na juu yake kumegandishwa kitu kigumu cheusi. Hicho cheusi ndicho freni. Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Shofa akikanyaga pedali, mafuta ya freni yanasukuma pistoni, pistoni inasukuma plaketi mbili, moja ya ndani na moja ya nje, nazo zinaibana diski kama vile unavyobana sahani kati ya viganja viwili. Kila kubana kunakula kidogo. Ikiwa mpya, ile sehemu nyeusi ina unene wa milimeta 10 mpaka 12 hivi kwa magari mengi. Ikibaki milimeta 3, wakati wa kubadilisha umefika. Kwa wasio na rula: njiti ya kiberiti ina kama milimeta 2. Ukiweka njiti pembeni ya plaketi na nyeusi iliyobaki inalingana nayo, umechelewa.

Ukiendelea mpaka nyeusi iishe, chuma cha nyuma kinakutana na diski, chuma kwa chuma. Gari inanguruma, diski inachimbwa mifereji, na sasa unanunua diski pia, ambazo bei yake haifanani na ya plaketi hata kidogo. Pistoni nayo inatoka mbali kuliko ilivyopangiwa, mafuta yanaweza kuvuja, na siku hiyo pedali inashuka mpaka chini bila kukuta kitu. Ikitokea kwenye barabara ya tambarare ya Mboko, labda unapona kwa kuingia kwenye mchanga. Ikitokea kwenye mteremko wa kutoka Fizi kushuka Baraka, na watu 18 ndani, munajua wenyewe.

Turudi kwenye taa. Ndani ya plaketi ya aina hii kuna kiwaya kimezikwa, ncha yake imefunikwa kwa plastiki, na ncha hiyo imekaa kwenye kina cha kama milimeta 3. Plaketi ikiliwa mpaka pale, plastiki nayo inaliwa, ncha ya waya inagusa diski. Umeme unapita kwenye diski, unaingia kwenye mwili wa gari, taa inawaka. Ndiyo maana siku za kwanza iliwaka wakati wa kukanyaga tu: bila kukanyaga, ncha ilikuwa bado haigusi. Ile kuwaka na kuzimika ambayo shofa alidhani ni waya mbovu, ndiyo ilikuwa salamu ya kwanza. Tunaomba mashofa wote washike hili, maana taa ikikaa imara siku nzima, zile siku ulizopewa za kujitayarisha zimekwisha kupita.

Na munaelewa sasa kwa nini kukata waya kunazima taa. Hakuna tena njia ya umeme kufika kwenye diski. Kuna magari mengine, BMW kwa mfano, ambayo yanafanya kinyume: waya ni mzunguko mzima, diski ikiukata ndipo taa inawaka. Kwa magari hayo ukikata waya unaiwasha taa mwenyewe, kwa hiyo mafundi wa njia fupi wanazifunga ncha mbili pamoja. Huku wanakata, kule wanafunga. Kazi ni moja.

Sasa sikilizeni tulichokuta. Tulifungua magurudumu yote manne. Mbele kuume, plaketi ya ndani ilikuwa na milimeta 3, waya umegusa, sawa kabisa na vile taa ilivyosema. Tukafungua mbele kushoto. Plaketi ya ndani, ile inayopitishwa huko nyuma, ilikuwa haifiki milimeta 1, na upande mmoja chuma kilikuwa kimeanza kuonekana. Taa haikusema neno juu ya gurudumu hilo. Tulipofuata waya wake tukakuta umekatwa zamani, ncha imefungwa kwa chatertoni iliyokwisha kukauka. Nani aliukata hatujui. Gari hii ilizunguka Ulaya miaka mingi, ikashuka Dar es Salaam, ikapanda mpaka Kigoma, ikavuka ziwa, ikapokelewa Kalundu. Mikono iliyoigusa ni mingi, na waliotununulia waliinunua ikiwa taa imezimika, wakaamini ni nzima kama mtu yeyote angeamini. Mtu mmoja, mahali fulani, alitaka kumaliza siku yake ya kazi bila taa. Sisi ndio tuliopanda.

Kwa nini kushoto kuliliwa kuliko kuume? Kile chuma kinachobeba plaketi kinateleza juu ya vijiti viwili. Matope na kutu vilishika vijiti, chuma hakiwezi kuteleza, kwa hiyo plaketi ya ndani, iliyo upande wa pistoni, inafanya kazi peke yake. Ya nje ilikuwa bado nene. Ndiyo maana tunasema: hapana kuangalia plaketi moja ya nje kupitia matundu ya rimu na kusema "bado iko sawa". Ya ndani ndiyo inayokufa kwanza, na ndiyo isiyoonekana bila kutoa gurudumu.

Kama tungekubali ule waya wa kuume ukatwe pia, Sprinter ingerudi barabarani asubuhi ileile na taa safi.

Kuna walioniuliza, tuseme waliotuuliza sisi sote kwenye kamati, basi ile taa muliizima kwa namna gani? Jibu litawashangaza. Hatukuizima. Tulitia plaketi mpya mbele pande zote mbili, na waya mpya pande zote mbili, tukafungua kontakti, taa ikawaka kidogo kama zote zinavyowaka mwanzo, ikazimika yenyewe. Kwa gari ya aina hii hakuna kingine cha kufanya. Hakuna kompyuta, hakuna kubonyeza. Kama umebadilisha plaketi na taa bado inawaka, basi kuna kitu hujamaliza: umerudisha waya wa zamani uliokwisha kuliwa, au soketi yake imeingia maji, au waya umesuguliwa na gurudumu mpaka ukagusa chuma. Kuna njia rahisi ya kutafuta. Chomoa soketi ya waya kwenye gurudumu moja moja. Ukichomoa taa ikazimika, kosa liko kwenye gurudumu hilo. Ukichomoa zote na bado inawaka, kosa liko juu, kwenye nyaya zinazopanda kwenye tablo. Lakini kuchomoa ni swali tu unalouliza gari. Ukishajibiwa unarudisha.

Ndugu mmoja wa kwetu aliye Ubelgiji alituandikia akisema yeye kwa BMW yake alibadilisha plaketi na taa ikakataa. Kwa kuwa gazeti hili linasomwa huko pia, tumjibu. BMW za mfululizo wa 3 za miaka ya 2005 mpaka 2011 hivi zinafanya hesabu. Zinapima waya, zinaangalia unavyoendesha, zinakuandikia kilometa zilizobaki, mbele peke yake na nyuma peke yake. Kwa hizo, kweli unaiambia gari kwamba kazi imefanyika. Unafungua kontakti bila kuwasha moteri, unashika kile kitufe cha kurudisha kilometa za safari kama sekunde 10 mpaka alama ya huduma itokee, unabonyeza kidogo kidogo mpaka ufike kwenye alama ya freni unayoitaka, unashika tena mpaka ikuulize kama urudishe mwanzo, unaachilia, unashika mara ya pili mpaka ikubali. Ikikataa, mara nyingi ni kwamba waya wa zamani umebaki ndani, umekatika, na gari inauona. Hapo hakuna kushindana na kitufe, nunua waya mpya. Na jambo jingine, ndugu yetu: kwenye gari hizo waya uko gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kuume tu. Yale mengine mawili hayana wa kuyasemea.

Hatari ya gari ya namna hiyo ni kwamba inaamini unachoiambia. Kama waya bado ni mzima na ukabonyeza bila kubadilisha plaketi, itaanza kuhesabu kilometa kana kwamba umetia mpya. Kijana mmoja hapa alituonyesha programu kwenye simu yake, inayoingia kwenye gari na kufuta taa za kila namna. Ni chombo kizuri. Lakini hakijawahi kuongeza hata nusu milimeta kwenye plaketi.

Tuje kwa Hiace, kwa sababu yenyewe haina taa ya plaketi hata moja, na mashofa wa Hiace walikuwa wamekaa kule wakicheka kama neno haliwahusu. Toyota nyingi tunazotumia huku zinatumia mluzi. Kuna kibati kidogo cha chuma kimepigiliwa kwenye plaketi. Nyeusi ikibaki milimeta 2 au 3, kibati kinagusa diski na kulia. Kinalia hasa gari ikitembea, na wakati mwingine ukikanyaga freni kinanyamaza, kwa hiyo shofa anasema, "Freni ni nzuri, nikikanyaga kelele inaisha." Hapana. Imebanwa ndipo ikanyamaza. Abiria mmoja alisema Hiace yetu inalia kama panya aliyenaswa, na shofa akaongeza muziki. Kuongeza muziki na kukata waya hatuoni tofauti yake. Mluzi huo nao hauna kitufe cha kuuzima. Unabadilisha plaketi, unaisha. Na nyuma, Hiace ina ngoma, siyo diski. Huko hakuna taa wala mluzi. Ni kufungua tu. Freni ya mkono ikianza kupanda juu kuliko kawaida, ni alama ya kufungua.

Kuna taa nyingine ambayo watu wanaichanganya na hii, na hapa ndipo tunaomba usikivu zaidi, maana magari yote yanayo. Ni ile nyekundu yenye alama ya mshangao ndani ya duara. Hiyo inawaka kwa mambo mawili: freni ya mkono haijashuka, au mafuta ya freni yamepungua kwenye kikopo. Ya plaketi ina duara lenye vikono vya nukta nukta pembeni, na kwa kawaida ni ya manjano. Sasa angalieni. Plaketi zikiliwa, pistoni zinatoka nje, na mafuta yanashuka kwenye kikopo kujaza nafasi iliyoachwa. Hayajavuja popote, yamehama. Kwa hiyo taa nyekundu kwenye Hiace inaweza kuwa inakuambia habari ya plaketi kwa njia ya kuzunguka. Shofa anaona nyekundu, ananunua kichupa, anajaza, taa inazimika, anasema amerekebisha. Ameinyamazisha. Na siku fundi atakapotia plaketi mpya na kurudisha pistoni ndani, mafuta yote yaliyoongezwa yatafurika na kumwagika, nayo yanakula rangi ya gari. Kanuni yetu kuanzia leo: mafuta ya freni yakishuka, kwanza angalia kama kuna mahali panavuja, kisha pima plaketi, ndipo uongeze. Kama taa nyekundu inawaka na pedali imelegea, gari haisogei hata mita moja. Hapo abiria washuke, warudishiwe nauli.

Juu ya mafuta hayo tena neno moja. Yanunuliwe katika chupa iliyofungwa, na ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo, DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya freni yanavuta maji kutoka hewani. DOT 4 mpya haichemki kabla ya digrii 230. Ikiwa imevuta maji inaweza kuchemka kwenye 155 hivi. Kwenye mteremko mrefu joto hilo linafika, mafuta yanachemka, mapovu yanaingia, na pedali inazama hata kama plaketi ni mpya za jana. Kwa hiyo kile kichupa kilichofunguliwa miezi sita iliyopita na kukaa chini ya kiti, kitupwe. Na hapana kutia mafuta ya moteri kwa sababu "yote ni mafuta". Yanavimbisha na kuharibu mipira yote ya ndani, na baada ya hapo unabadilisha karibu freni nzima. Kwenye mteremko wenyewe, vitesi ya pili, moteri isaidie kushika gari.

Mafundi wetu wawili wanatuomba tuseme namna kazi inavyofanywa, ili mtu anayesimamia ajue anachoangalia. Plaketi zinabadilishwa pande zote mbili za ekseli, siyo upande mmoja kwa sababu pesa ni nusu. Kifuniko cha kikopo kinalegezwa, pistoni inarudishwa polepole huku mtu mmoja akiangalia mafuta yasifurike. Vijiti vinatolewa, vinasafishwa mpaka viteleze kwa kidole, vinapakwa grisi inayovumilia joto; uso wa plaketi usiguswe na grisi hata alama. Vumbi la freni lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, lilowanishwe na kufutwa, maana mapafu hayana plaketi za kubadilisha. Waya upite njia yake ya zamani na ufungwe palepale, gurudumu likikatwa kona lisiusugue. Na kisha, kabla gari haijasogea, mtu akae na kupampu pedali mpaka iwe ngumu. Hili tulisemee kwa sauti: baada ya kazi hii, mkanyago wa kwanza unakwenda mpaka chini bila freni. Magari yamegonga ukuta wa garage kwa sababu ya mkanyago huo. Kilometa 200 au 300 za kwanza, freni za taratibu, plaketi na diski zizoeane.

Maulizo. Mzee mmoja alisema: zamani tuliendesha malori bila taa hizi zote, na tulifika. Ni kweli, mzee. Lakini wazee hao walikuwa wanalala chini ya gari kila wiki na kufungua magurudumu. Taa imekuja kumsaidia shofa, haikuja kumpa ruhusa ya kutoangalia. Tena taa inamsaidia mnunuzi. Wanaonunua gari Bujumbura au hapa Uvira: fungua kontakti bila kuwasha moteri na uhesabu taa. Kwa magari mengi, taa za onyo zote zinapaswa kuwaka kidogo, kisha zizimike. Ile ambayo haiwaki kabisa, uliza kwa nini. Labda balbu imetolewa, labda chatertoni imebandikwa nyuma yake. Lakini waya uliokatwa kwenye gurudumu, kama ule wetu, hauonekani hata kwa njia hiyo. Gurudumu litolewe kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Mfadhili mmoja aliuliza kwa barua, kwa upole lakini aliuliza, mbona hesabu inaonyesha plaketi mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Kule kwenye lami safi plaketi zinaweza kufika makumi ya maelfu ya kilometa. Huku gari inabeba watu, magunia ya ndagala na muhogo, inapita matope na mchanga unaosaga kama jiwe, na inashuka milima. Mara mbili siyo wizi. Za zamani tunazo zote depo, zimeandikwa tarehe kwa rangi, na picha zake ziko katika hesabu tutakayowatumia.

Kisha mama mmoja wa ndagala akasimama na kuuliza lile swali gumu: "Sisi tulikosa soko, ndagala zikaharibika. Nani atatulipa?" Mama, hakuna atakayewalipa. Sanduku la chama halina uwezo huo, na hatutaahidi kitu ambacho hakipo. Tunachoweza kusema ni kwamba zile siku 4 hazikuwa za kazi. Kazi ilichukua nusu siku. Siku tatu na nusu zilikuwa za kungoja plaketi na waya kutoka Bujumbura. Kama tungekuwa na seti moja depo, gari ingesimama jioni na kuondoka kesho yake asubuhi.

Kwa hiyo mkutano umekubali mambo haya, na yanaanza kazi leo.

Hakuna shofa wala fundi atakayezima taa ya freni ya gari ya chama kwa njia yoyote kabla plaketi za zamani hazijaletwa kwa mweka hazina, zikapimwa mbele yake, na unene ukaandikwa katika daftari pamoja na kilometa za gari.

Shofa anayesimamisha gari kwa ajili ya taa au mluzi wa freni hadaiwi verseme ya siku hiyo, na siku yake inahesabiwa kuwa ya kazi. Jambo hili lilibishaniwa kwa muda mrefu. Kuna waliosema mashofa watalitumia kupumzika. Sisi tuliona kwamba shofa anayejua atalipa mwenyewe siku ya kusimama, huyo ndiye anayesema "ni ya plaketi tu". Kama atadanganya, gurudumu litafunguliwa na njiti ya kiberiti itamshitaki.

Seti moja ya plaketi za mbele za Sprinter pamoja na nyaya zake, na seti moja ya Hiace, zitakaa depo wakati wote. Ikitumika moja, inanunuliwa nyingine kabla ya wiki kwisha. Pesa ya kuanzia haimo katika kotizasio ya mwaka huu. Wafadhili wanaotaka kusaidia, hiki ndicho tunachowaomba mara hii kuliko viti vipya: seti hizo mbili, na chupa nne za DOT 4 zilizofungwa. Wanaotuma kutoka Ulaya watuandikie kwanza, tuwape namba ya shasi, maana plaketi za Sprinter zinafanana kwa macho na hazilingani kwa vipimo.

Kwa safari za soko, Hiace itachukua zamu ya ndagala siku yoyote Sprinter imesimama, hata kama ni kwa safari mbili badala ya moja. Mama zetu wachague mtu mmoja wa kupigiwa simu usiku, asije akasikia habari barabarani akiwa na gunia kichwani.

Jumamosi hii, saa 2 asubuhi, tunafungua magurudumu ya Hiace mbele ya depo. Kila shofa aje, na wanachama wenye magari yao wanakaribishwa. Njiti za kiberiti zitakuwapo.